Daktari wa Kuta, Si wa Magoti

Niliporudi Mombasa mwaka 1979 na shahada ya udaktari kutoka Uingereza, habari zilikuwa zimenitangulia mtaani. Siku ya pili yake, baada ya sala ya Alasiri, alikuja bibi mmoja jirani yetu, akaketi ukumbini, akalinyosha goti lake na kuniambia, "Mwanangu, mwezi wa tatu huu, nikisujudu siinuki." Nikamweleza kwa adabu kwamba mimi si daktari wa watu. "Basi u daktari wa nini?" Nikamjibu kuwa mimi ni daktari wa nyumba. Akanitazama, akaitazama dari yetu, akanitazama tena. "Na nyumba nazo huugua?" Mama alicheka huko jikoni mpaka akasahau mchuzi wake, na tangu siku hiyo watani wa barazani hawakuniita jina jingine ila Daktari wa Kuta.

Ndugu msomaji, miaka arubaini nimeifundisha elimu hiyo, na hata leo nikiwa nimestaafu bado naulizwa lile swali la bibi. Basi leo nimependa nilijibu, maana ukurasa huu huzungumzia utamaduni, na sijui utamaduni gani wa pwani yetu unaoweza kutajwa bila kutaja nyumba.

Ingia katika nyumba yoyote ya kale ya mawe, iwe ya Lamu, Pate au hapa Mji wa Kale. Utaona vyumba virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya chingine. Wageni huandika ati wazee wetu walipenda vyumba vya namna hiyo kwa ajili ya sitara. Sitara ipo, sikatai, lakini aliyeamua upana ule ni boriti. Boriti ya mkoko hukatwa kwa urefu wake, na chumba hakiwezi kupita pale boriti inapofika, yaani kama mita 2.5 hadi 3. Na hata ungepata boriti ndefu zaidi, fundi wa kale asingekubali. Upana wa chumba ukiongezwa mara mbili, na uzito wa dari kwa kila pima ukabaki ule ule, nguvu inayotaka kuivunja boriti pale katikati haiongezeki mara mbili, huongezeka mara 4. Na kule kubonyea kwake huongezeka mara 16. Mafundi wetu hawakuziandika hesabu hizi, lakini walizijua kwa mikono, na dari zao zimesimama zaidi ya miaka mia mbili.

Mimi nilizisoma kwa kalamu. Niliingia chuoni Nairobi mwaka 1969, wakati kilipokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi, hivyo niliingia chuo kimoja na kutoka kingine bila ya kuhama bweni. Baba hakufurahi. Yeye alikuwa maalim, akidarsisha hadithi msikitini baina ya Magharibi na Isha, na tamaa yake ilikuwa nikae pale nirithi jamvi lake. Hakunizuia, lakini hakuniuliza habari za masomo yangu. Nikirudi likizo aliniuliza kama nimekula, na kama nimesali.

Mwaka 1975 nikapata msaada wa masomo kwenda Uingereza, na huko ndiko nilikokutana na kompyuta. Haikuwa hii ya kuweka mapajani. Ilikaa katika jumba lake peke yake, na baridi yake ilikuwa ya kumsaidia yeye, si sisi. Tuliandika maagizo yetu kwenye kadi zenye kutobolewa matundu, tukazipanga ndani ya sanduku, tukamkabidhi karani dirishani, kisha tukarudi kesho yake kuchukua majibu. Mara nyingi jibu lilikuwa moja tu: umesahau mkato katika kadi ya 212. Jioni moja niliteleza ngazini mvua ikinyesha, na kadi zangu zote zikatawanyika majini. Nilikaa siku tatu nikizipanga. Sijapata kulia kwa ajili ya mtihani, lakini siku ile nililia.

Kazi yenyewe tuliyokuwa tukimpa kompyuta nitaieleza kwa mkeka. Mama zetu hawafumi mkeka mzima kwa mara moja. Husuka ukili kwanza, mwembamba na mrefu, kisha wakaushona ukingo kwa ukingo mpaka mkeka ukatimia. Basi na sisi tunafanya hivyo. Ukuta mzima una matundu, pembe na milango, na hakuna mwanadamu anayeweza kuandika kwa hesabu moja jinsi nguvu zinavyopita ndani yake. Lakini ukiukata kwa fikra uwe vipande vidogo vidogo, kila kipande kina tabia nyepesi ya kueleweka. Kisha unavishona tena vifundoni, ukishurutisha kwamba pale vipande viwili vinapokutana, viende pamoja, kisitokee kimoja kikamwacha mwenziwe. Ukuta wenye vifundo 100 tu unakupa hesabu 200 ambazo lazima zijibiwe zote kwa pamoja, na ndiyo maana kazi hii ilingoja mpaka kompyuta ilipozaliwa.

Hao walioianzisha hawakuwa wakifikiria nyumba. Ray Clough, mwalimu wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, pamoja na wenziwe watatu, walitoa maandishi yao mwaka 1956 wakihangaikia mabawa ya ndege. Mwaka 1960 Clough akaipa njia ile jina, na hivyo vipande vikaitwa elementi. Mgiriki John Argyris alikuwa akiifuata njia hiyo hiyo huko London, na baadaye Stuttgart. Na huko Swansea, katika nchi ya Wales, alikuwapo Olgierd Zienkiewicz aliyekulia Poland. Kitabu chake cha mwaka 1967 ndicho kilichotufunza sote. Nakala ya maktaba yetu ilikuwa imechanika mgongo kwa kushikwa, na nikitaka kuisoma ilinipasa kuamka mapema kuliko Wahindi wawili na Mnigeria mmoja.

Nikarudi, nikaajiriwa kufundisha Nairobi. Mwaka 1984 kamati ya msikiti wa mtaani kwetu, ambao sitautaja jina, iliamua kujenga ghorofa ya juu. Madrasa ilikuwa imejaa, watoto wakisomea kwenye daka na kina mama hawana pa kusalia. Baba alikuwa mmoja wa wanakamati. Mwenyekiti akanipa mchoro wa zamani wa msikiti uliokuwa umehifadhiwa sandukuni, karatasi imegeuka rangi ya chai, na juu yake vipimo vyote kwa futi na inchi. Kuta zote ziliandikwa inchi 20.

Nikaenda nao Nairobi, nikaukatakata msikiti ule vipande, nikawapa kompyuta, na majibu yakatoka mazuri. Kuta zilikuwa na uwezo wa kubeba ghorofa na ziada ikabaki. Nikashuka Mombasa na lile bunda la karatasi pana, nikaliweka mbele ya wazee baada ya Isha. Mwenyekiti akalifungua likafika mpaka mlangoni. Watu wakashangilia. Walikuwa wameshaanza kuchanga, na wengine walikwisha ahidi saruji na mbao.

Baba alikuwa kimya. Kisha akauliza, mara yake ya kwanza kuniuliza chochote juu ya elimu yangu:

"Habari hii umeipokea kwa nani, mwanangu?"

"Kwa kompyuta, baba."

"Na kompyuta imepokea kwa nani?"

"Kwangu mimi."

"Nawe?"

"Kwenye mchoro, baba."

"Na huyo mwenye mchoro ni nani?"

Sikuwa na jibu. Mchoro haukuwa na jina wala tarehe. Baba akasema, kwa sauti ile ile ya darsa zake, "Mpokezi wako wa mwisho humjui jina, wala hujui kama ukuta aliuona. Kwetu sisi habari ya namna hiyo ni dhaifu, hata ikipambwa vipi na waliokuja baadaye."

Nakiri kwamba nilikasirika. Miaka minne ya Uingereza, kadi zilizoloa, usiku usiohesabika, na mbele ya watu nimepimwa kwa mizani ya hadithi! Nililala vibaya. Lakini kulipopambazuka nilimtafuta fundi mmoja mzee, mwashi wa tangu ujana wake, tukaenda msikitini na ngazi, futi ya utepe, nyundo na tindo. Penye madirisha na milango tulipima: inchi 20, inchi 20, inchi 19. Nikaanza kujisikia mshindi. Ukabaki ukuta wa magharibi, ambao hauna dirisha wala mlango, kwani upande wa pili ni nyumba ya jirani.

"Huu nao?" akauliza fundi.

"Mchoro unasema ishirini."

Hakujibu. Akashika tindo akaanza kutoboa. Inchi 9 zilikuwa mawe ya matumbawe na chokaa ngumu. Baada ya hapo tindo likazama lenyewe kama limeingia kwenye unga. Palikuwa na kifusi, udongo na vipande vya vyungu, kisha tukagonga kitu kigumu tena. Fundi akapenyeza kidole, akakitoa kimepakaa weupe. Ilikuwa ni chokaa ya kupakia ukutani, ile ya nje. Ukuta wa pili ulikuwa wa nyumba ya jirani, na hapo zamani, kabla msikiti haujapanuliwa, ulitazama uwazi na jua. Waliopanua msikiti walisimamisha ukuta mwembamba mbele yake, wakajaza kifusi katikati, wakapaka lipu. Yule mchoraji alipima kutoka ndani hadi ukingo wa paa, akaona inchi 20, akaandika.

Niliketi palepale kwenye jamvi, nikapiga hesabu nyuma ya kalenda, bila ya kompyuta. Ukuta ukipunguzwa unene wake nusu, uwezo wake wa kusimama wima bila kupinda chini ya mzigo haubaki nusu. Hubaki thumuni. Na wetu ulikuwa umepungua zaidi ya nusu.

Jioni ile nilirudi mbele ya wazee wale wale kusema kwamba nilikosea. Ndugu msomaji, nimepata kusimama mbele ya maprofesa wa nchi mbalimbali nikitetea maandishi yangu, na hakuna mkutano ulionitoa jasho kama ule. Mzee mmoja akasema, si kwa ubaya, "Kumbe msomi wetu kasahau kupima." Wengine wakaona baba ndiye aliyeniharibia kazi. Ilibidi ghorofa ile isiuguse ukuta wa magharibi kabisa, isimame juu ya nguzo nne za zege zenye nondo na misingi yake yenyewe. Gharama ilipanda, michango ikaanza upya, na watoto wakaendelea kusomea dakani miaka miwili mingine na zaidi. Ghorofa ilimalizika mwaka 1987. Nguzo mbili kati ya zile nne zinakata safu, na kila Ijumaa yuko mtu wa kuzilaumu.

Baba hakuitaja tena habari hiyo. Lakini mwaka 1986 Mwenyezi Mungu alitujaalia kwenda Hija pamoja, na tulipotua Jeddah tukatoka ndani ya ndege na kujikuta chini ya zile hema kubwa nyeupe. Waliokwenda wanazijua. Ni hema 210, kila moja ina mita 45 kwa mita 45, zimetungikwa kwa nyaya kwenye nguzo ndefu za chuma, na chini yake pana upepo na kivuli ingawa hakuna mashine ya baridi. Baba akasimama, mkono kwenye fimbo, akainua kichwa muda mrefu.

"Na hii," akaniuliza, "imepokewa kwa nani?"

Safari hii nilikuwa na jibu. Nikamweleza habari za Fazlur Rahman Khan, Mwislamu wa Dhaka aliyezaliwa mwaka 1929, aliyekwenda Marekani mwaka 1952 na katika miaka mitatu akapata shahada mbili za pili na ya udaktari juu yake katika Chuo Kikuu cha Illinois. Aliishi Chicago akifanya kazi katika kampuni ya Skidmore, Owings & Merrill, na huku akifundisha wanafunzi katika Illinois Institute of Technology. Yeye ndiye aliyefikiria kwamba jengo refu lisimame kama mwanzi, nguvu zake zikae kwenye ganda la nje na si katikati. Kwa fikra hiyo Chicago ikapata jengo la John Hancock lenye ghorofa 100 mwaka 1969, kisha Sears Tower ya mita 442, ambayo sasa huitwa Willis Tower na ambayo kwa zaidi ya miaka 20 ilikuwa ndefu kuliko majengo yote duniani.

Nikamweleza pia kwamba hema si kama ukuta. Ukuta unauchora utakavyo kisha unaupima. Kitambaa hakikubali umbo ulilolitaka. Hujitafutia umbo lake chenyewe kwa jinsi kinavyovutwa, na kompyuta ndiyo iliyolitafuta umbo hilo kabla hakijakatwa, ikakisia, ikasahihisha, ikakisia tena. Khan na wenziwe, akiwamo mhandisi Horst Berger, walifanya kazi hiyo, na kituo kikafunguliwa mwaka 1981. Mwaka uliofuata, tarehe 27 Machi 1982, Khan alifariki kwa maradhi ya moyo akiwa na miaka 52, na alifia palepale Jeddah.

Baba akasikiliza yote. Akauliza jina la babake Khan, nami nikamwambia silijui. Akamwombea rehema kwa jina lake mwenyewe, kisha tukaifuata foleni.

Baba alifariki mwaka 1990. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 23 Agosti 1991, huko Norway jengo kubwa la zege lililokuwa likitayarishwa kwa kuchimba gesi baharini, jina lake Sleipner A, lilizama katika ghuba moja karibu na Stavanger lilipokuwa likijaribiwa. Ukuta wa ndani ulipasuka, maji yakaingia kwa kishindo kuliko pampu, na zege lote likateremka chini na kupiga sakafu ya bahari kwa nguvu iliyotikisa mitambo ya kupimia matetemeko. Alhamdulillahi hapana aliyekufa. Hasara ilikadiriwa karibu dola milioni 700. Uchunguzi ukaonyesha kwamba waliokata vipande kwa ajili ya kompyuta walivikata vikubwa mno na vilivyopotoka pale kuta zinapokutana, na kompyuta ikatoa nguvu za kukata zikiwa pungufu kwa asilimia 47. Kwa hesabu hiyo kuta zikajengwa nyembamba, na nondo zake nazo hazikufika zilipopaswa kufika. Kompyuta haikuharibika wala haikudanganya. Ilipokea, ikapokeza.

Tangu hapo nikabadilisha darasa langu la kwanza la mwaka. Nilikuwa nikiingia na kitu kimoja tu, karatasi ya majibu ya mwanafunzi aliyepita, bila jina. Nawauliza: namba hii imepokewa kwa nani? Wanafunzi wa bara walidhani ni mzaha wa Kiswahili cha pwani. Wale wa kwetu walitabasamu. Lakini hapakuwa na anayepita mtihani wangu mpaka aniandikie pembeni mwa kila jibu kile kipimo kimetoka wapi, nani alikichukua, na kwa mkono alihakikishaje kwamba uzito wote uliowekwa juu umefika wote chini kwenye msingi. Hesabu hii ya mwisho ni ya kujumlisha tu, mtoto wa shule aiweza, na ndiyo ambayo wakubwa wengi huiruka.

Mambo mengine ya maisha ya chuo sitayarefusha. Kupandishwa cheo kulichelewa, kwa sababu kulitaka maandishi katika majarida ya ng'ambo, na jarida moja lilinirudishia utafiti wangu juu ya kuta za matumbawe na chokaa kwa maelezo kwamba vifaa hivyo havina wasomaji. Labda ni kweli. Sisi tunaolala ndani yake hatukuwa wasomaji wa jarida lile. Nililoliona maabara ni kwamba mawe mawili yaliyotoka shimo moja yaweza kupitana nguvu mno, hivyo anayekupa namba moja tu kwa matumbawe yote ya pwani, mwogope. Na nyumba zilizoanguka Nairobi katika miaka yangu, kama ile ya Huruma mwezi wa Aprili 2016 iliyoua zaidi ya watu 40, niliulizwa sana kama ni kompyuta iliyokosea. Pale ilijengwa bila idhini, kando ya mto. Hapakuwa na hesabu ya kukosewa.

Nyumba ya yule jirani wa msikiti iliuzwa, na mwaka 1993 mwenye kuinunua akaibomoa. Ukuta wetu wa inchi 9 ukabaki peke yake, kifusi kikamwagika chochoroni, na kabla ya wiki kwisha ulikuwa umefura tumbo kwa nje. Tukaupa miega ya mbao, tukaubomoa polepole na kuujenga upya kwa unene wake unaostahiki. Kazi ilichukua miezi minne. Muda wote huo watoto walikuwa juu wakisoma, na sauti zao zilitufikia chini tukipima.

Nilistaafu mwaka 2019 na sasa niko nyumbani. Mwezi uliopita walinijia vijana wa kamati mpya, wawili kati yao ni wahandisi, mmoja nilimfundisha mimi. Wanataka ghorofa ya tatu. Walikuja na kompyuta ya mkononi, na ndani yake msikiti wote umechorwa kwa rangi, nyekundu penye mkazo na buluu pasipo na kitu, wa kupendeza kuutazama. Kijana niliyemfundisha akauzungusha kwa kidole, akaniuliza, "Mwalimu, waonaje?"

Nikamwomba mjukuu aniletee miwani. Kisha nikamuuliza yule kijana kuhusu nguzo ya pili kutoka mlangoni, ile inayokata safu, nondo zake amezihesabu kwa mchoro gani. Akainamisha kichwa akacheka.

Kesho baada ya Alfajiri anakuja na ngazi.